Kadi ya Kitabu cha Kijani

Jumanne ile Curtis Brekke alipoingia maktaba, mkutubi Verna Tollefsrud alizisikia funguo kabla hajamwona mwenyewe. Shada zima la funguo: za gari, za ghala, za vyumba vya chini vya nusu ya mji, maana Curtis ndiye fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto pale Elk Prairie, mji mdogo wa baridi huko Marekani, na ukimtaka mwingine uendeshe gari saa moja na nusu. Alizibwaga juu ya kaunta.

"Bi Verna, hujambo lakini?"

"Sijambo, Curtis. Baridi ndiyo hiyo imeanza."

"Imeanza, ndiyo. Tanuri la hapa je? Bado linakohoa?"

"Si baya sana."

Kwa watu wale "si baya sana" ndiyo sifa ya mwisho, baada ya hapo hakuna nyingine. Curtis akacheka. Mwanamume wa mashavu mekundu, mcheshi, mpole kwa wajane. Bibi kizee akizimikiwa na tanuri Januari atakwenda amtengenezee wala hatamdai kitu. Mji mzima ulimpenda. Na ukitaka kweli, mji mzima ulimwogopa kidogo vilevile, ila hakuna aliyewahi kulitamka hilo, maana watu wale kutamka hawajui. Wanajua kuoka na kunyamaza.

"Nimeingia kamati ya maktaba mwezi huu, umesikia?" akasema. "Wazazi wanauliza watoto wao wanasoma nini. Si ubaya, wanataka kujua tu. Kwa hiyo Jumamosi kamati itaangalia vitabu vinane vya rafu ya vijana. Vinane tu, nitavichagua mwenyewe. Na zile kadi zake. Nasikia watoto wanaandika vizuri kweli."

Hapo ndipo Verna alipojua amekuja kutafuta nini.

Sasa hizo kadi, nani alizianzisha? Verna huyohuyo. Mwanamke wa miaka sitini na moja, hakuolewa, miaka thelathini na minne nyuma ya kaunta ileile, na kama kuna mtu aliyejua kumpa kijana kitabu ni yeye. Hakuwa akiuliza "unapenda nini?", maana kijana wa miaka kumi na mitano ukimwuliza anapenda nini atakuambia "sijui" na kutazama viatu vyake. Yeye aliuliza: "Kitabu gani kilikuudhi mpaka ukakitupa?" Hapo mtoto atafunguka, atalalama, atatukana waandishi, na Verna atakuwa ameshaelekea rafuni.

Miaka mitatu nyuma akabuni mchezo. Vitabu vya rafu ya vijana akavifunga vyote kwa karatasi ya kaki, jalada lisionekane, na juu ya karatasi akaandika mstari mmoja tu wa kudokeza. Unakichukua bila kujua ni kipi, unakifungua nyumbani. Ndani, kwenye kimfuko cha jalada la nyuma, utakuta kadi, na juu yake maneno ya aliyekisoma kabla yako: kisome kwa sababu hii, au kiache kwa sababu ile. Ukimaliza unaandika ya kwako chini yake, unarudisha, Verna anafunga upya. Watoto wakaupenda vibaya sana. Vijana waliokuwa hawaingii maktaba ila kwa kukimbia theluji wakaanza kugombania vitabu.

Na sheria moja akaiweka: tia jina lako na umri wako. Aliwaambia, "Asiyetia jina, maneno yake hayana mwenyewe."

Lo, Verna! Wakutubi wa kule wana mwiko mmoja wanaoushika kuliko sala zao. Kitabu kikirudi, jina la aliyekiazima hufutwa kwenye kompyuta, lisibaki popote, asije mtu siku moja akauliza fulani alisoma nini. Verna alifundishwa hivyo tangu ana miaka ishirini na kidogo, naye akawafundisha wengine. Kisha kwa mkono wake mwenyewe akawaandikisha watoto majina yao ndani ya vitabu, kwa sababu ilipendeza.

Mwezi wa Machi alikuwa akifunga upya kitabu kimoja cha jalada la kijani, kisa cha msichana anayeishi na baba mkali, akasoma kadi. Mwandiko mdogo, ulioinama. Ulisema: "Huyu msichana anajua kwa mlio wa funguo tu kama leo ni siku njema au mbaya. Nilidhani ni kwetu peke yetu. Kisome, lakini kisomee hapahapa, usikipeleke nyumbani. Maren, 15."

Maren Brekke. Binti wa pekee wa Curtis. Mama yake aliondoka miaka minne iliyopita, na mji ukakata shauri kwamba mkosaji ni mama. Tangu hapo Maren alikuwa akishinda maktaba hadi kufungwa, kwenye kona ya dirisha, mikono mirefu ya sweta imefunika mpaka vidole, kiangazi na kipupwe.

Verna alifanya nini? Aliirudisha kadi kitabuni. Alijiambia maneno ya mtoto ni yake, si haki kuyaondoa. Alimwuliza Maren siku nyingine, huku akipanga magazeti ili isionekane anauliza, "Nyumbani wazima?" Maren akajibu, "Wazima, Bi Verna." Basi. Ikapita miezi saba. Mwezi wa Oktoba mtoto akaja na mkono ameufunga kitambaa, akasema ameteleza, na theluji ilikuwa haijaanguka hata chembe. Siku hiyo Verna alipiga simu ofisi ya ustawi wa watoto ya wilaya. Alipoulizwa jina lake akasema hapendi kulitaja.

Na sasa Curtis alisimama mbele ya rafu ya vijana, nusu saa nzima, akisoma dokezo moja baada ya jingine na kuvipima vitabu mkononi. Alitoa saba harakaharaka. Cha nane alikigeuzageuza. Juu ya karatasi Verna alikuwa ameandika, "Kwa anayejua kuzisikiliza ngazi."

"Na hiki," Curtis akasema. "Nikifungue?"

"Hufunguliwa na anayekiazima, nyumbani kwake. Ndiyo sheria."

"Sheria ni sheria, mama. Tutavifungua Jumamosi mbele ya watu wote." Akavipanga juu ya kaunta, vinane, akachukua funguo zake. Alipofika mlangoni akageuka. "Kuna mtu alipiga simu mahali kunihusu, unajua? Hakutaja jina. Akaja dada mmoja wa serikali, tukanywa kahawa, tukacheka, akaenda zake. Lakini nikakumbuka yale maneno yako unayowafundisha watoto. Asiyetia jina, eti nini vile?"

Verna akamalizia, "Maneno yake hayana mwenyewe."

"Mazuri sana hayo," akasema Curtis, akatoka.

Alhamisi ilikuwa siku ya klabu ya vijana. Piza mbili, viti vimezungushwa, na kazi yao ni kusifu na kuponda vitabu.

"Hiki kimenichosha, jamani. Kurasa mia mbili mtu anamlilia farasi!" alisema msichana mmoja, Tove, mwenye mdomo.

"Wewe ungelilia nini?"

"Ningelilia piza, si unaona imebaki kipande kimoja?"

Wakacheka. Kile kipande cha mwisho hakuna aliyekigusa. Kwao mtu hali kipande cha mwisho. Atakikata nusu, mwingine atakata nusu ya nusu, mpaka kinabaki kidogo cha kumpa ndege, na hata hicho kitaachwa. Maren hakucheka wala hakula. Wenzake walipotawanyika alibaki akikunja viti, na Verna akamsogelea.

"Baba kaniuliza kama nimewahi kuandika kadi," Maren akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho.

"Ukamjibu nini?"

"Sijawahi. Nimemwambia sijawahi hata moja. Bi Verna, ile bado imo?"

"Imo. Nitaitoa kesho, mwanangu. Hataiona."

"Kwa nini hukuitoa siku ile?"

Aibu ilimpanda Verna mpaka masikioni. "Niambie nimwite nani," akasema. "Nitamwita sasa hivi."

"Ulishaita. Ni wewe, najua." Maren alikunja kiti cha mwisho, akakiegemeza ukutani polepole. "Yule dada akaja, akanywa kahawa. Alipoondoka baba aliosha vikombe vyote viwili, akavikausha, akavirudisha kabatini. Halafu ndiyo akaniuliza nimesema nini na kwa nani. Akiiona hiyo kadi, Bi Verna, atajua nilisema."

Basi, kisa chote kilikuwa hapo, kwenye karatasi isiyozidi kiganja.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Verna alifunga mlango, akavuta pazia, akakifungua kitabu cha kijani. Akaitoa kadi, akaisoma tena, akaitia mfukoni mwa sweta. Kitabu akakifunga upya, pembe kwa pembe, selotepu juu ya selotepu. Akavitazama vile saba vingine. Wazo lilimjia, nisiseme halikumjia: toa zote. Lakini mkono haukwenda. Kutoa kadi moja ni jambo dogo, Mungu atasamehe. Kutoa nane ni kuiba mali ya watoto. Alikuwa mwanamke aliyezaliwa kukata nusu ya kipande cha mwisho, na siku ile ya pekee katika maisha yake iliyohitaji achukue sahani nzima, alichukua kidogo. Akazima taa akaenda nyumbani, na usiku kucha usingizi haukuja.

Jumamosi saa nane mchana watu walijaa. Arobaini hivi, na kila mmoja na chakula chake: bakuli za viazi na nyama za kuoka, saladi za rangi zisizoeleweka, keki za kukata vipande. Theluji ya kwanza ilikuwa ikianguka nje. Mwenyekiti wa kamati ni Ardis Lokken, bibi wa miaka themanini na mbili, mwenye mkongojo na masikio mazuri kuliko anavyokubali. Kule nyuma karibu na mlango, ameketi Maren na koti lake magotini. Baba yake ndiye aliyemwambia aje.

Curtis alikuwa amejipakulia. Alikula kipande cha mwisho cha keki ya malenge, kizima, mbele za watu, akafuta vidole. Ardis alimwona.

"Haya, tufungue zawadi," Curtis akasema, na watu wakacheka.

Akachana karatasi ya kitabu cha kwanza, akatoa kadi, akaisoma kwa sauti, na kwa kweli alijua kusoma. "'Mwandishi huyu hajawahi kumbusu mtu. Tove, 14.'" Kicheko! Mama yake Tove akajifunika uso. Cha pili, cha tatu. "'Nililia darasani, nikasema ni mafua.'" Watu wakafurahi, wakapigana viwiko, ikawa kama sherehe. Waliokuja na hofu kwamba watoto wao wanalishwa sumu waliona ni watoto tu, wana ulimi na wana moyo. Cha sita. Cha saba. Verna alikuwa amesimama kando ya kaunta, mkono mfukoni, vidole juu ya kadi.

Cha nane Curtis alikichana taratibu. Jalada la kijani. Akalifungua la nyuma, akaingiza vidole viwili kwenye kimfuko. Akavitoa vitupu.

"Ala," akasema. "Hiki hakina."

Alikitingisha kitabu, kurasa chini. Akakiweka mezani karibu na vile saba, kila kimoja na kadi yake juu. Ukumbi mzima uliona. Hata mtoto mdogo angeona.

"Vyote vina kadi, hiki hakina. Bi Verna, kadi ya hiki iko wapi?"

Hapo Verna akalielewa kosa lake, lote. Kadi ingesema jina moja. Kukosekana kwake kulikuwa kumesema kwamba kuna jina la kufichwa.

"Iko kwangu," akasema.

"Iko kwako! Nani aliyeiandika?"

"Mimi."

Watu wakageuka. Curtis alitabasamu. "Wewe? Si ni kadi za watoto? Basi tusomee, mama. Za watoto wetu zote zimeshasomwa hapa."

Asingeweza kuitoa, mwandiko ungeonekana. Akaisema kwa kichwa. "Huyu msichana anajua kwa mlio wa funguo tu kama leo ni siku njema au mbaya. Nilidhani ni kwetu peke yetu." Mtu fulani akaweka kikombe chini. "Kisome, lakini kisomee hapahapa. Usikipeleke nyumbani."

Alijidhania amemkinga. Lakini Curtis hakuwa akimtazama yeye. Tangu neno la kwanza alikuwa amegeuza shingo, anatazama nyuma karibu na mlango, ambako Maren alikuwa ameketi wima, amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikiyafuata maneno moja baada ya jingine, bila sauti.

Na nisikufiche, watu wote arobaini walijua. Walijua hapo hapo, na wengi wao walikuwa wanajua tangu mama yake aondoke. Ila kila mmoja alifikiria tanuri lake, na Januari inakuja.

"Maren," Curtis akasema, kwa upole kabisa. "Vaa koti. Twende nyumbani."

Maren alisimama. Akavaa koti, mkono mmoja, mkono wa pili. Mtoto akatembea katikati ya viti, na baba yake akamnyooshea mkono. Akampita. Akaufikia mlango mdogo wa kaunta, mahali ambapo msomaji haruhusiwi, akausukuma, akaingia, akaketi kwenye kiti cha Verna nyuma ya kompyuta.

"Siendi," akasema.

"Kikao bado, Curtis," Ardis Lokken akasema huku akitazama kahawa yake. "Keti."

Curtis hakuketi. Alizichukua funguo mezani, akawaangalia watu safu kwa safu, bila haraka, kama mtu anayekumbuka nyumba ya kila mmoja na njia ya kushukia chumba cha chini. Kisha akatoka. Wakasikia pikapu yake ikiwaka, taa zikamulika theluji dirishani, lakini gari halikuondoka.

Watu wa pale kuagana ni kazi. Wataaga mezani, wataaga mlangoni, wataaga tena wakiwa garini, nusu saa nzima. Siku ile walibeba bakuli zao wakatoka mmoja mmoja bila kuaga, wakilipita lile gari vichwa chini. Akabaki Ardis peke yake. "Miguu yangu leo haitaki kunyanyuka," akasema, akauweka mkongojo mapajani.

Verna alikuwa ameshika simu. Polisi wa karibu walikuwa mji wa pili, dakika arobaini barabara ikiwa kavu. Mtu wa upande wa pili, mwanamke mwenye sauti ya usingizi, alimsikiliza, akasema sawa, wanakuja, akauliza, "Na jina lako nani, au hupendi kulitaja?"

"Verna Tollefsrud," akasema Verna. "Andika. Mkutubi wa Elk Prairie. Nilipiga na Oktoba, ofisi ya ustawi wa watoto, ni mimi. Andika na hilo pia."

"Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko kwenye kiti changu."

Maren alikuwa amenyanyua kichwa, anasikiliza, lakini hakuwa akiisikiliza simu. Nje mngurumo wa gari ulikuwa umezimika. Mlango wake ukafunguliwa, ukafungwa. Halafu wote watatu wakazisikia funguo.